Msimamizi anataka namba 4, 9 na 17

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46, mwalimu wa Historia katika sekondari moja ya mkoa huu wa Dodoma. Mwaka jana nilipata ruhusa ya masomo, na sasa nasoma shahada ya uzamili hapa mjini. Tasnifu yangu inahusu Mtunya, ile njaa iliyowapiga Wagogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na baada yake. Nimeshazungumza na wazee tisa wa Hombolo, Mvumi na Bahi, watu waliosimuliwa na wazazi wao. Upande huo sina wasiwasi.

Shida ni sura ya pili, mapitio ya maandiko. Mara ya kwanza msimamizi aliirudisha ikiwa na wino mwekundu: "Vyanzo viko wapi? Tumia maktaba." Nikaenda. Nikakaa kwenye kompyuta ya katalogi na kuandika "njaa ya Mtunya Dodoma". Hakuna matokeo. Nikaandika "chanzo cha njaa kwa Wagogo". Hakuna matokeo. Nikaandika "Mtunya" peke yake, vilevile. Nyuma yangu walisimama vijana watatu wakisubiri kiti, mmoja anatikisa mguu. Nikaondoka.

Ningeweza kumuuliza mkutubi, lakini kijana anayekaa pale dawatini nilimfundisha kidato cha pili. Ananiita "mwalimu" mbele ya watu. Nitaanzaje kumwambia kuwa sijui kutafuta kitabu?

Kuna steshenari ninakotoa nakala zangu. Kijana wa pale aliniona na ile karatasi nyekundu akasema, "Mama, hiyo kazi ndogo." Nikampa shilingi 80,000. Kurasa 14 za sura niliziandika mwenyewe. Yeye akaingiza mabano yenye majina na miaka katikati ya sentensi zangu, na mwisho akapanga orodha ya marejeo 31. Ilipendeza. Nikaiwasilisha.

Wiki iliyopita msimamizi akaniandikia barua pepe: "Kazi imepanda sana. Tukutane baada ya wiki mbili. Niletee nakala za namba 4, 9 na 17, ningependa kuzisoma." Ndipo nilipoanza kuyatafuta. Namba 4 ni makala ya Maddox ya 1990 kuhusu ukame wa Dodoma. Namba 9 inasema imetoka Journal of African History, juzuu ya 12, mwaka 2009. Namba 17 ni tasnifu ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Dodoma, 1998. Sikuona hata moja. Nimeshatafuta kumi na mbili kati ya zile 31, zote bure. Kijana nikimuuliza anasema, "Mama, hizo zinatoka kwenye mfumo."

Mume wangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada yangu. Nikimwambia msimamizi ukweli naweza kufukuzwa. Nikibadilisha marejeo kimyakimya labda atasahau alichoomba. Nifanyeje?

Mwalimu wa Mtunya

*

Majibu ya Mshauri

Mwalimu, pole. Na asante kwa kutuandikia zile namba tatu kamili, kwa sababu zimetuonyesha jambo ambalo huenda kwa hofu hukuliona.

Tunavyokuelewa, una mafundo mawili yaliyokazana. Moja ni la ufundi: katalogi inakujibu "hakuna", nawe umeamini kweli hakuna. La pili ni la uaminifu: umewasilisha kazi yenye marejeo ambayo hukuyasoma. La pili ndilo linalokunyima usingizi, lakini tuanze na la kwanza, maana hujui bado una nini mkononi, na asiyejua ana nini mkononi hawezi kupanga atamwambia nini msimamizi.

Katalogi haisomi vitabu, Mwalimu. Inasoma kadi ya kila kitabu: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, mada chache alizoziweka mkutubi, na namba ya rafuni. Ukiandika maneno matano, inatafuta kadi yenye yote matano. "Chanzo cha njaa kwa Wagogo" ni swali zuri la mtihani, ila hakuna kadi iliyoandikwa hivyo. Halafu kuna lugha. Maktaba nyingi za vyuo vyetu huandika mada kwa Kiingereza, zikifuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na Kiingereza hicho hukata viambishi vyetu. Wagogo, Ugogo, Kigogo, vyote huishia kuwa "Gogo". Wahehe ni "Hehe", Wanyamwezi ni "Nyamwezi". Kompyuta haijui kwamba Wagogo na Gogo ni watu walewale.

Kwa hiyo rudi kwenye kiti kile. Kando ya kisanduku cha kutafutia kuna menyu ndogo. Badala ya kuiacha itafute kila mahali, chagua mada, yaani "Subject". Andika gogo, basi. Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, usikimbilie rafuni. Fungua kadi yake kamili, shuka hadi kwenye mada zilizoandikwa kwa rangi ya kiungo, ubonyeze mojawapo. Itakuletea ndugu zake wote waliopewa mada hiyo. Kisha jaribu famin* pamoja na Tanzania. Ile nyota inashika famine na famines kwa mpigo. Usiiweke mapema mno: fam* itakujazia ukurasa kwa vitabu vya familia.

Kipindi chako kina mtego wa majina pia. Jina Tanzania lilianza 1964. Anayeandika juu ya 1917 anaweza kuwa chini ya "German East Africa", na wa miaka ya Mwingereza chini ya "Tanganyika", au hata "Central Province", maana ndilo jimbo lililokuwa na makao yake Dodoma. Tafuta kila jina peke yake.

Ukitafuta kwa mwandishi, anza na jina la mwisho: Mnyampala, Mathias. Huyu ni mfano wa kukufaa. Kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo kilitoka 1954 kwa Kiswahili, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1995 kwa jina The Gogo: History, Customs, and Traditions. Ukitafuta kwa jina la kitabu unapata kimoja na kukikosa cha pili. Ukitafuta kwa mwandishi, vyote vilivyomo maktabani vinakuja pamoja. Na mtafsiri wake ni nani? Gregory Maddox, yuleyule wa namba 4 yako. Kitabu cha Rigby nacho, Cattle and Kinship among the Gogo cha 1969, hakina neno njaa kwenye jina, kwa hiyo utafutaji wako wa kwanza usingekigusa kamwe.

Sasa zile tatu.

Namba 4. Mwandishi ni wa kweli na mwaka ni wa kweli. Kilichopinda ni jina la makala. Mwaka 1990 Maddox alichapisha makala iitwayo "Mtunya: Famine in Central Tanzania, 1917–20", katika Journal of African History, juzuu ya 31, toleo la 2, ukurasa wa 181 hadi 197. Ndiyo, Mtunya, neno lilelile uliloandika siku ya kwanza! Neno lako lilikuwa sahihi. Ulipolitafuta ndipo hapakuwa penyewe. Katalogi kwa kawaida haiorodheshi makala moja moja, inaorodhesha jarida zima. Kwa makala, unatafuta jina la jarida, unafungua kadi yake na kusoma mstari unaotaja juzuu ambazo maktaba inazo, kwa karatasi au kwa mtandao, kisha unaingia kwenye juzuu unayoitaka. Jarida hili limo JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma. Kama chuo chako kimeunganishwa huko, fungulia ndani ya kampasi, au pitia ukurasa wa maktaba kwa akaunti yako ya chuo. Ukiifungua moja kwa moja kwenye simu, ukiwa nyumbani, ukurasa hauwezi kujua wewe ni mwanafunzi, hivyo unaweza kukudai dola. Usilipe.

Namba 9. Hesabu tu inatosha. Journal of African History lilianza 1960 na hutoa juzuu moja kwa mwaka. Basi 1960 ni juzuu ya 1, 1990 ni ya 31, na 2009 ni ya 50. Juzuu ya 12 ni ya 1971. Rejeo linalosema juzuu ya 12 ya 2009 limekosea walau kimoja kati ya hivyo viwili. Fungua ya 12 na ya 50, usome orodha ya yaliyomo kwenye kila moja. Ikiwa makala haimo kote kuwili, iandike kuwa haijaonekana. Njia hii haifanyi kazi kwa kila jarida, maana yapo yanayotoa juzuu mbili kwa mwaka na yapo yaliyowahi kusimama, lakini kwa hili inatosha.

Namba 17, Mwalimu, hii hata wewe unaijua. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007. Tasnifu yake ya 1998 ingeandikwa wapi, porini Chimwaga? Huenda mwaka ndio umekosewa, kwa hiyo tafuta jina la mwandishi kwenye hifadhi ya kidijiti ya chuo, ambayo mara nyingi ni ukurasa tofauti na katalogi. Ila usitumie siku nzima hapo.

Orodha ya namna hii, yenye majina ya kweli yaliyobandikwa kwenye vichwa vya uongo, inafanana sana na zile zinazotolewa na programu za akili mnemba zikiombwa marejeo. Programu hizo hupanga maneno yafanane na rejeo. Hazijaenda rafuni kuangalia. Hatuwezi kuapa kwamba kijana wa steshenari alifanya hivyo, ingawa "mfumo" wake unanukia huko.

Zilizobaki zipe dakika 20 kila moja. Kwa 28 ni kama saa tisa na dakika 20 za kazi, asubuhi tatu za utulivu. Chora jedwali la safu nne: namba, ilivyoandikwa, ulichokikuta, na sentensi ya sura yako inayoitegemea. Penye namba ya DOI, kitambulisho cha makala mtandaoni kinachoanza na 10, ibandike baada ya doi.org/ uone inakupeleka wapi. Programu hizo hubuni hata namba hizo, kwa hiyo usiridhike kwamba imefunguka. Soma imefungukia makala gani. Penye jarida la Kiafrika jaribu AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ambako makala nyingi hufunguka bure. Na ukiona Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936, kumbuka kwamba baadaye liliitwa Tanzania Notes and Records. Katalogi huweza kuwa na kadi mbili, na anayeangalia moja husema "halipo".

Safu ya nne ndiyo nzito. Ulituambia sentensi ni zako na mabano ni ya kijana. Je, sentensi inayosema, tuseme, kwamba njaa ililetwa na ukame, ukiisoma makala halisi ukakuta mwandishi anaipa vita uzito mkubwa, utabadilisha mabano au utabadilisha sentensi? Hapo ndipo wazo la kubadilisha kimyakimya linapoanza kuvuja.

Tulitazame hilo wazo kwa haki, maana halina ubaya wote. Ukifanya hivyo, sura yako itakuwa ya kweli kuliko ilivyo sasa, na heshima yako itabaki kama ilivyo, kwa muda. Hatari yake ni kwamba msimamizi ana toleo la kwanza, tena amelisoma hadi akachagua namba tatu. Ukimpelekea orodha mpya ambayo 9 na 17 hazimo, swali litakuja lenyewe, na wakati huo utakuwa unajibu ukiwa umeshikwa.

Unaweza pia kuomba kuirudisha sura "kwa marekebisho" bila kueleza zaidi. Hiyo inakununulia siku, na baadhi ya wasimamizi hawaulizi. Lakini itakubidi uibebe siri hiyo hadi siku ya kutetea tasnifu, na wewe ndiye unayejua kama mabega yako yanaiweza.

Au umwambie kabla hajauliza. Hapa hatutakudanganya: vyuo vina kanuni za udanganyifu wa kitaaluma, na adhabu hutofautiana. Kabla ya kuzungumza naye, soma kitabu cha kanuni za uzamili cha chuo chako, uone rasimu ya sura inachukuliwaje ikilinganishwa na tasnifu iliyokabidhiwa kwa mtihani. Mara nyingi mambo hayo mawili hayalingani. Ukiamua kwenda, nenda na jedwali lako na nakala ya makala ya Maddox. Kusema "kuna mtu alinisaidia kidogo" ni kumwachia yeye kazi ya kukuchimba. Kusema "marejeo haya sikuyatafuta mimi, nilimlipa mtu, nimeyakagua yote 31, haya ndiyo niliyoyaona na haya sikuyaona" ni sentensi chungu, lakini inamwachia mambo machache ya kuuliza.

Tungependa pia ujiulize kitu kimoja moyoni. Umeichukulia ile barua pepe kama mtego. Yawezekana ndivyo. Yawezekana pia ni mwalimu mwenzako aliyeona jina la makala asilolijua akafurahi, akataka kuisoma. Hatujui, nawe hujui. Lakini ona jinsi unavyojiandaa kwa mkutano ukidhani ni mtego, na jinsi ungejiandaa ukidhani ni furaha, kisha uangalie ni maandalizi gani utakayoweza kuyasimamia vyovyote itakavyokuwa.

Na ng'ombe wawili? Mume wako ameshajua lolote? Hukusema. Si lazima ajue leo, ila wiki mbili ni ndefu kwa mtu anayekosa usingizi chumba kimoja na mwenzake.

Tumalizie na kijana wa dawatini, kwa sababu tunahisi ndiye aliyekufanya uende steshenari. Unaogopa atakushusha. Mwalimu, katika kazi yake kuulizwa "hiki nakitafutaje?" ndiyo siku yenyewe, wanaulizwa na maprofesa. Nenda asubuhi, kabla foleni haijaanza. Atakusalimia "Shikamoo mwalimu" kabla hujafungua mdomo. Itikia marahaba, weka karatasi mezani, na umpe swali dogo lenye jibu: "Hii juzuu ya 31 ya 1990, naipata kwa karatasi au kwa mtandao?" Acha aipige yeye kwenye kompyuta, nawe angalia mikono yake inapobonyeza. La pili umwombe upige mwenyewe, yeye aangalie.

Akikupa namba ya rafuni, isome kama desimali. Kwa maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, historia ya Tanzania iko kwenye 967.8, namba kama 967.826 husimama kabla ya 967.83, ingawa jicho linaona 826 ni kubwa kuliko 83. Wengi hupita hapo wakirudi na kusema kitabu kimeibwa. Maktaba yako ikitumia mfumo wa herufi, nenda DT 436 hadi 449. Katalogi ikisema kipo na rafuni hakipo, angalia vitabu vitano kushoto na vitano kulia, kisha toroli la vilivyorudishwa, kisha meza zilizo jirani. Bado hakipo? Rudi dawatini umwambie akiwekee alama ya kutafutwa, na umwachie namba yako ya simu.